Swali la Kumi na Nne

Barua ya kumi na moja niliichapisha Makorora,
kwenye kibanda cha fotokopi cha Mbwana Kupaza,
ambaye sasa anaujua wasifu wangu kuliko shangazi.
"Zuhra, hukubadilisha tarehe," akasema,
akafuta Aprili, akaweka Juni,
na kurasa mbili za mwisho hakunitoza.

Nafasi: mtafiti msaidizi.
Sifa: shahada, uzoefu wa miaka mitatu,
na wadhamini wawili, mmoja wao profesa
anayemfahamu mwombaji vyema.

Vyema!
Tulikuwa mia nne na ishirini darasani,
wengine tukisomea dirishani jua likitupiga kisogoni.
Profesa alinifahamu kwa namba ya mtihani,
na hiyo namba yenyewe nimeisahau.

Na huo uzoefu, jamani, huuzwa wapi?
Soko la Ngamiani hawana, nimeuliza.
Kazi haiji bila uzoefu, uzoefu hauji bila kazi;
kuku na yai wanagombea utangulizi,
anayelala njaa ni mimi.

Nikapiga simu Chuoni.
Mama wa masjala, sauti ya mafua:
"Tumepokea. Subiri."
Nimesubiri. Nakaanga visheti, napeleka madukani,
nahesabu vinavyorudi,
naandika kwenye daftari: Jumatatu saba, Jumanne tatu,
siku ya mvua kumi na tisa.
Hakuna aliyenituma. Mkono umezoea.

Alhamisi, hodi.
Kijana na baiskeli ya kukodi, kishikwambi kwapani,
kitambulisho cha Chuo kile kile shingoni:
Titus Semkiwa, mkusanya takwimu.
Utafiti wa ajira kwa wahitimu.
Wanachukua nyumba moja kila sita,
na hesabu imeangukia mlango wetu.

Mimi niliyeutafuta utafiti mwaka mzima,
leo wenyewe umekuja,
umevua viatu, umekaa kwenye mkeka wa shangazi.

"Majibu yako ni siri," akasoma.
"Una haki ya kukataa swali lolote."
Katika usaili wote niliokwenda
hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Umri? Ishirini na saba.
Elimu? Shahada.
Kazi?
Mafuta yakachemka jikoni.
"Niandike 'hana' au 'nyinginezo'?"
"Nyinginezo," akajibu shangazi kutoka uani.

Swali la kumi na nne:
Je, umetafuta kazi na kuridhishwa na matokeo?
Nikamwambia, kaka, hapo pana maswali mawili
yamevaa kanzu moja.
Nikisema hapana, hapana ya lipi?
Sikutafuta, au sikuridhika?
Mkirudi Chuoni mtakoroga uji, mtauita takwimu.

Akakitazama kishikwambi.
"Nyumba sitini nimepita," akasema taratibu,
"wote walisema hapana."
"Hapana ya lipi?"
Akanyamaza. Shangazi akaleta chai na visheti,
vile vilivyovunjika, vya nyumbani.

Nyuma ya nakala iliyoharibika ya barua yangu
nikalipasua swali: kumi na nne A, kumi na nne B.
Akalipiga picha. "Nitamtumia daktari," akasema,
na labda alimaanisha.
Akachukua namba yangu ya simu:
ufuatiliaji, baada ya miezi sita.

Tanga, waja leo waondoka leo.
Baiskeli ikakata kona Barabara ya Kumi na Nane
na mimi ndani ya mkoba wake, mhojiwa wa sitini na moja.
"Ndiyo umepata kazi?" shangazi akauliza.
"Nimehesabiwa."

Jumatatu nikarudi Makorora, barua ya kumi na mbili.
Penye uzoefu nikaandika idadi ya visheti,
miezi kumi na minne, mvua na jua,
na swali moja lililorekebishwa.
Mbwana akasoma, akakuna kidevu.
"Na mdhamini, yule anayekufahamu vyema?"
"Weka jina lako."

Akadhani natania. Akaniangalia.
Akafuta wino vidoleni kwa kitambaa,
akauliza cheo chake akiandikeje.